Ukimya wa Stoo

Sahani iliteleza mezani, ikapasuka vipande vitatu sakafuni, na haikutoa sauti hata kidogo.

Fundi wa sauti aliinua kichwa kwa sababu tu mkewe alishtuka. Binti yao wa miaka sita, waliyemwita Cherehani kwa jinsi mdomo wake usivyojua kupumzika, alikuwa amesimama mbele ya vile vipande, mikono nyuma, akisubiri kugombezwa.

"Umesikia?" mkewe aliuliza.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Fundi alisingizia masikio, kwamba yamechoka. Na kweli yalikuwa yamechoka. Wiki tatu nzima alihangaika na filamu moja. Sauti zake za tafsiri zilirekodiwa juu ya nakala ya nchi za upande mmoja wa dunia, ambako mashine huonyesha picha ishirini na tano kwa sekunde. Sasa mwenye kazi alizitaka zikae kwenye nakala ya upande mwingine, inayokwenda picha ishirini na nne. Picha moja ni kitu gani? Lakini zikianza pamoja, baada ya dakika kumi sauti imeshaitangulia midomo, na kufika mwishoni mwanamke anamlilia mumewe dakika nne kabla mume hajapigwa risasi. Fundi alipozivuta sauti zote zirefuke, mwenye kazi alikataa, akasema waigizaji wamekuwa kama walevi. Ikabidi akate sentensi moja moja, aisogeze hadi kwenye mdomo wa mwigizaji wake, na kila aliposogeza pakabaki pengo.

Pengo haliachwi tupu. Sikio hulitambua mara moja, kama ulimi unavyotambua jino lililong'oka. Hujazwa ukimya wa chumba cha kweli, wenye hewa yake. Na katika nyumba hii, waliyohamia miezi miwili tu iliyopita, kilikuwapo chumba kama hicho: stoo, walikorundika masanduku. Kwingine kote ziliingia kelele za pikipiki na jenereta la jirani, lakini ukiufunga mlango wa stoo, dunia inakatika. Mtu mwingine angejiuliza kulikoni. Yeye, masikini, alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Adhuhuri moja, jua likiwa la utosi, alisimamisha kipaza sauti katikati ya stoo, akarekodi dakika nne za ukimya, akaukatakata vipande mia tatu na kumi na mbili, akaziba mapengo yote. Asubuhi ya siku ile ile ilipovunjika sahani, mwenye kazi alikuja kuchukua nakala yake, akaondoka meno yote nje.

Jioni, nyayo za Cherehani zilitoweka. Alikimbia ukumbini kama kawaida yake, ila sakafu haikuitika. Kesho yake kikaondoka kicheko. Siku ya tatu aliamka, akafungua mdomo kumwamkia baba yake, pasitoke kitu. Daktari alimmulika koo akasema ni zima kabisa, labda mtoto amenuna.

"Huyu anune?" mama yake alisema njiani, akijikaza asilie. "Huyu anayeongea mpaka na mswaki?"

Waliporudi nyumbani alasiri ile, harufu ya vumbi lililonyeshewa ilikuwa imejaa ukumbini ilhali mvua haikuwa imenyesha, na Cherehani mwenyewe akiwa amemng'ang'ania mama yake kiunoni, midomo imefumbwa, macho yamemtoka, wakaisikia sauti yake, ile ile nyembamba isiyopumzika, ikitokea nyuma ya mlango wa stoo, ikisimulia habari za shule, za mbuzi aliyeingia darasani, ikicheka, ikirudia mwanzo, ikicheka tena pale pale, kisha ikanyamaza kana kwamba imehisi kuna watu, na kitu kikakwaruza mbao kutoka ndani, chini kabisa, usawa wa kimo cha mtoto, na ile sauti ikasema taratibu, "Baba, nifungulie."

"Usifungue," mkewe alinong'ona. "Nakuomba, usifungue."

Dada wa mkewe ndiye aliyemleta mganga, mama mmoja mnene mwenye miwani, ambaye jambo la kwanza alilouliza ni kama humo ndani kuna mbwa. Alisimama mlangoni pa stoo, akanusa.

"Mmechukua nini humu?"

"Mama, hatujachukua kitu. Masanduku yenyewe ni yetu."

"Sikuulizi masanduku, baba. Humu mna jini, naye alikuwa amelala. Kuna mtu amemchukulia kitu chake bila hata hodi, naye kajilipa kwa mtoto."

"Nilirekodi ukimya," fundi alisema.

"Ukaupeleka wapi?"

"Nimeuweka kwenye filamu."

Mganga alivua miwani akamtazama. "Miaka yote ya kazi hii sijawahi kusikia wizi wa namna hiyo. Mrudishie."

Basi fundi akabeba mashine zake hadi stoo, akaketi gizani huku jasho likimchuruzika, mganga akisoma maneno yake kwa sauti ya chini, na kila kipande cha ukimya alikirudisha chumbani kupitia spika kisha akakifuta, kimoja baada ya kingine, wakati kitu asichokiona kikimpumulia shingoni na kumwita baba, baba, baba. Alipofuta cha mwisho, Cherehani alipiga ukelele ukumbini, "Mamaaa!" Na kwa mara ya kwanza kelele za pikipiki ziliingia stoo. Fundi alilia bila aibu.

"Umerudisha vyote?" mganga aliuliza.

"Vyote vilivyo kwangu."

"Na visivyo kwako?"

Alimpigia simu mwenye kazi papo hapo, akamsihi amrudishie nakala, akamwambia ina kasoro kubwa.

"Kasoro gani, ndugu yangu? Wakubwa wa televisheni wameisifu mno! Nimeshaigawa. Ijumaa saa mbili usiku inaonyeshwa nchi tatu kwa mpigo."

Fundi alipowaeleza, mganga aliwaambia ukweli: kila inapochezwa ile nakala, jini ataibiwa upya, naye atajilipa upya. Hakuwa na dawa ya kufika majumbani mwa watu wote hao.

Siku tatu fundi alizunguka ofisi za televisheni. Mlinzi wa kwanza alimcheka, wa pili akamtoa nje.

Ijumaa jioni wazazi wawili walikaa mkekani, mtoto katikati yao. "Ongea, mwanangu," mama yake alimwambia. "Ongea chochote." Cherehani hakuhitaji kubembelezwa. Alianza na mwalimu, akaingia kwa rafiki yake anayekula chaki, akafika kwa mbuzi, akasimama kabisa ili aonyeshe vizuri jinsi mbuzi huyo alivyopanda juu ya dawati. Walimsikiliza bila kupepesa, mikono yao imeshikana nyuma ya mgongo wake.

Nyumba ya jirani mtu aliwasha televisheni. Fundi aliutambua muziki wa filamu ile kwa noti ya kwanza.

Cherehani aliendelea kusimulia, akicheka, akirusha mikono, na hakujua bado kwamba sauti haimtoki.