Tangi Lisilopumua

Saa tano asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka petroli na chai iliyochemka kupita kiasi. Hilmi, mkuu wao, alichora barabara kwa kidole juu ya vumbi la meza.

“Watu wakienda sala ya Ijumaa, sonara hubaki na mwanawe tu. Safwat anaingia. Wagdi, bajaji iwe inanguruma. Darajani mnanipa mzigo, natangulia na pikipiki. Tunakutana tanuri la matofali.”

Tanuri liko mwisho wa njia, ukingoni mwa Nile. Fundi Wagdi alitaka kuuliza mtu akifukuzwa huko anatokea wapi. Akalimeza swali.

“Petroli leo nimejaza mwenyewe,” Hilmi aliongeza. “Fundi mikono inamtetemeka, angeimwaga yote.”

Safwat, mdogo wake Hilmi, alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Saa saba kasoro robo.

Safwat alitoka dukani mbio, bastola mkononi, shati lina damu.

“Si yangu. Endesha.”

Wagdi hakuuliza ya nani. Kwa damu hiyo watu hunyongwa. Darajani Hilmi alipokea mfuko bila kuzima pikipiki, akapotelea kwenye miwa.

Mbele kidogo bajaji ikakohoa. Ikazima.

“Umetuuza, fundi.” Bastola ikamgusa kisogo.

“Niache nitazame, kaka.”

Koki ya petroli ilikuwa wazi. Akachomoa mpira wa petroli kwenye kabureta. Petroli ikatiririka, ikawa uzi, ikawa matone, ikakoma. Na tangi limejaa. Akalegeza kifuniko. Kikavuta hewa kwa mlio, kama mtu aliyeibuka majini, na petroli ikafoka mpirani hadi viatuni mwake.

Kitundu cha kifuniko kilikuwa kimeshindiliwa sabuni.

“Tangi lisipopumua halitoi mafuta. Hili si vumbi, kaka. Ni mkono wa mtu.”

“Wa nani?”

“Nani alijaza?”

Safwat alitazama miwa alikopotelea kaka yake. Ving’ora vya polisi vikasikika upande wa mjini.

“Tuingie kwenye miwa,” Wagdi alisihi. “Alitaka njagu watukute hapa. Tanurini hayupo, na hakuna pa kutokea.”

“Mama yako alizaa wangapi?”

“Mimi tu.”

“Basi hujui kitu. Washa.”

Alizibua kitundu kwa waya, akarudisha mpira. Ikawaka kwa mvuto mmoja. Bastola ilihamia mbavuni, na bajaji ikashika njia ya tanuri. Injini ilivuta vizuri kuliko siku zote. Wagdi, aliyezeeka akiomba injini ziwake, akaiomba hii izime.

Ikazidi kwenda.