Mko Wangapi

Kwa akina Heikkila, taa za tela huangaliwa jua linapozama, si kabla. Mchana jua linakudanganya, taa iliyokufa unaiona nzima. Mmoja anakaa kwenye pikapu, anawasha na kuita. Mwingine anasimama nyuma ya tela, anajibu. Kushoto, naona. Kulia, naona. Breki, naona. Ni kazi ya dakika tatu, na ndiyo ya mwisho kabla ya safari.

Jioni ile Corinne ndiye aliyekaa kwenye pikapu, kioo kimeshushwa, mbu wanamla shingo. Mumewe, Duane, ndiye aliyepaswa kuwa huko nyuma. Kesho yake wangetoka Calumet kwenda kukaa ziwani wiki tatu: wao wawili, binti yao Linnea wa miaka tisa, na mama yake Duane, Bibi Elma, ambaye hakualikwa na mtu. Yeye alikuja na tela, lile la vitanda na kabati linalovutwa na pikapu. Lilikuwa lake tangu ujana, akilala humo kila kiangazi bila kukosa hata mmoja, na mwaka huu alimwachia mwanawe kwa sharti kwamba naye yumo.

Siku tatu Corinne alikuwa akiliandaa. Alifukuza panya, akasugua mavi yao kwenye droo, akasukuma maji mabombani mpaka ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia barafu ikaisha kutoka. Akapanga unga, kahawa, na pasti, mikate iliyojazwa nyama na viazi. Kisha akafanya kazi anayoipenda kuliko zote. Alichana vipande vya tepu nyeupe, akaandika majina, akabandika. Kila mtu kitanda chake, ndoano yake ya taulo, kikombe chake. Watu wanne wakikaa wiki tatu kwenye chumba cha hatua tatu, bila majina watatoana macho.

Kipande kimoja hakukiandika kitu. Alikibandika ndani ya mlango wa kabati, chini kabisa, pasipoonekana.

Kilikuwa cha mtoto. Wiki ya kumi, na hakuna aliyejua, hata Duane. Mimba mbili zilizotangulia zilitoka kabla ya wiki ya nane, na Corinne aliapa hatafungua mdomo tena mpaka awe na uhakika. Angemwambia mumewe ziwani, miguu yao ikiwa majini. Hata maneno alikuwa ameshayapanga.

Kuhusu tela, Bibi Elma alikuwa amempa onyo moja tu, asubuhi ile aliyomkabidhi ufunguo.

"Kuna mwenyewe huko nyuma," alisema, anakoroga kahawa yake. "Anasaidia kuangalia taa. Usimwogope. Ila akikuuliza mko wangapi, funga domo lako. Watu hawahesabiwi. Ukihesabu ukamwacha mtu, huyo ni wake."

Corinne alicheka. "Haya, Mama."

"Cheka tu. Meno si unayo."

Basi jioni ile, kwenye pikapu, alikuwa ameshasahau kabisa habari hiyo.

"Kushoto," aliita.

"Naona."

"Kulia."

"Naona."

"Breki."

"Naona."

Ilikuwa sauti ya Duane, na mafua yake yale ya maua ya kiangazi. Corinne akanyoosha mkono azime taa. Ndipo akamwona Duane anatoka gereji. Mbele yake. Ana boksi la fyuzi mkononi.

"Umekaa tu?" Duane alimwuliza. "Ngoja kwanza. Indiketa ya kulia imekufa tangu jana."

Corinne aligeuza macho kwenye kioo cha pembeni. Aliona ubavu wa tela, bati lililopauka, na nyasi. Indiketa ya kulia haikuwa inawaka. Na yule wa nyuma alisema anaona.

"Duane... nyuma kuna nani?"

"Nyuma wapi?" Alizunguka tela lote, akarudi anajikuna kidevu. "Hakuna mtu. Labda Linnea anakuchezea."

"Linnea yuko kwa jirani, anamuaga paka."

"Basi ni masikio yako, mama Linnea. Umechoka." Akapekua boksi, akaguna. "Hizi zote si zenyewe. Nakimbia dukani kabla hawajafunga." Akachukua gari la mama yake, akaondoka.

Corinne alishuka. Mtu mwenye akili angeenda kwa jirani, akamchukua mwanawe, akakaa sebuleni mpaka mume arudi. Lakini mlango wa tela ulikuwa wazi, taa ya ndani inawaka, akaona afadhali penye mtu, hata kama mtu mwenyewe ni Elma.

Alimkuta Elma anabandua tepu. Jina la Linnea lilikuwa limetoka kwenye kitanda cha juu na sasa liko mezani, kwenye ile meza inayokunjwa ikawa kitanda.

"Mama, Linnea analala juu. Amechagua mwenyewe."

"Juu hakulaliwi." Elma hakugeuka. "Atalala hapa, karibu na mimi. Aanze kunizoea."

"Akuzoee kwa lipi?"

"Mumeo hajakwambia? Shule zikifunguliwa mtoto anakaa kwangu Hancock. Wewe na zamu zako za usiku unamwacha ajilee kama paka wa jirani. Tumeshaongea."

"Mmeongea nani na nani?"

"Mimi na mwanangu. Kwani mzazi mwingine yuko wapi hapa?" Sasa aligeuka, ana tepu kidoleni. "Wewe Mungu kakupa mmoja, na huyo umemshindwa. Wale wawili walikuchungulia tu wakarudi walikotoka. Hao ndio waliokuwa na akili."

Mkono wa Corinne ulikwenda wenyewe tumboni, ukakaa hapo. Elma aliutazama ule mkono. Aliutazama sana, kisha akaendelea na tepu zake.

Nje giza lilikuwa linaingia. Taa za pikapu Corinne alikuwa ameziacha zinawaka, zingemaliza betri. Alitembea mpaka kwenye pikapu akitetemeka, na nataka ujue kwamba haikuwa hofu. Hofu ilikuwa imekwisha. Alikuwa anamchukia yule mwanamke mpaka meno yanamuuma.

Akashika swichi.

"Mko wangapi?"

Sauti ilitoka nyuma, lakini haikuwa mbali. Na haikuwa ya Duane tena. Ilikuwa ya upole, ya mtu anayetaka kusaidia. Ikaja na harufu, maziwa yaliyochacha, nzito, ikaingia dirishani na kukaa.

Corinne alikumbuka. Neno kwa neno, alikumbuka. *Ukihesabu ukamwacha mtu, huyo ni wake.*

Ndani ya tela Elma alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, taratibu, kama mtu asiye na deni na mtu.

"Mko wangapi, mama?"

Hasira ina ujinga wake. Mtu mwenye hasira huona njia moja tu, na huiona fupi.

"Watatu," Corinne alinong'ona.

"Nitajie."

"Duane. Linnea. Mimi."

"Basi?"

Angeweza kusema jina la nne. Lilikuwa jina fupi, silabi mbili tu.

"Basi."

"Naona."

Harufu ikaondoka. Corinne alizima taa, akakaa gizani kwenye kiti, akingoja wimbo ukatike. Alingoja kishindo, au kilio, au mwili unaoanguka. Elma alimaliza ubeti wa tatu. Akaanza wa nne. Akakohoa, akatema, akaendelea.

Ndipo maumivu yakaja. Yalianzia kiunoni, yakavuta kuelekea chini. Corinne aliyajua. Alikuwa ameshayapata mara mbili.

"Hapana," alisema. "Si huyu. Sikusema huyu."

Duane aliporudi na fyuzi alimkuta amejikunja kwenye kiti cha pikapu, na kiti chote kimelowa damu.

Hospitali walikaa siku mbili. Duane alilia kuliko yeye, maana alipewa habari ya mtoto na habari ya msiba kwa pumzi moja. Waliporudi nyumbani, mchana wa jua kali, alisema atashusha vitu vyote, safari imekufa. Akaenda gereji kutafuta maboksi. Corinne alikwenda moja kwa moja kwenye tela.

Elma alikuwa amekaa kwenye kingazi cha mlangoni na kikombe chake. Alisogea kidogo, kumpa nafasi.

"Ulijua," Corinne alisema.

"Nilikuona unakataa kahawa wiki nzima."

"Ulijua, na hukuniambia."

"Nilikuambia usijibu." Elma alikunywa. "Ulijibu kwa sababu ulitaka nife. Usinikazie macho, sikulaumu. Na mimi nilimwacha mama mkwe wangu, Hilja. Kiangazi changu cha kwanza, nina miaka ishirini na sita na mimba ya miezi mitatu. Hilja alinipa onyo lile lile, kwa maneno yale yale. Alikufa ana miaka tisini na minne, ameshiba uji."

Corinne alikaa.

"Anaanza na asiye na jina," Elma alisema. "Mwenye jina ana pa kushikia. Hilo Hilja hakunifundisha, na sijui naye alifundishwa na nani."

"Kwa nini hukulichoma hili tela?"

Elma alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa ile, uso wake haukuwa na ukali. Ulikuwa uso wa mzee aliyechoka.

"Ingia," alisema. "Usiseme kitu. Sikiliza juu."

Corinne aliingia. Joto lilikuwa kali, harufu ya plastiki, sabuni na panya. Alisimama chini ya kitanda cha juu, kile kisicholaliwa. Hakukuwa na kitu pale, godoro tupu.

Kisha akasikia. Mnyonyo. Mtoto ananyonya kidole, polepole, usingizini.

Na pembeni yake, nyepesi zaidi, pumzi ya pili.

"Huyo wa kidole ni wangu," Elma alinong'ona nyuma yake. "Miaka arobaini na moja, hajakua. Husikika kiangazi tu, tela likishaandaliwa na vitanda vikishatandikwa. Mwingine ni wako. Amekuja juzi usiku."

Mtu akikuambia Corinne alikuwa mjinga, mwulize yeye angefanya nini. Alipiga magoti, akafungua kabati, akabandua kile kipande kitupu. Akachukua kalamu. Mwandiko ulitoka vizuri. Aliandika *Aune*, jina la bibi yake mzaa mama, akakibandika kwenye ubao wa kitanda cha juu. Pumzi ikatulia, kama mtoto aliyefunikwa shuka.

"Tunaondoka," alisema. "Hatushushi kitu."

"Na shule?" Elma aliuliza.

"Linnea hatoki kwangu. Wewe utakuja kiangazi, tutakaa hapa, tutawasikiliza. Basi."

Elma aliitikia kwa kichwa. Chuki yao yote ya miaka kumi na moja ilikuwa imepata pa kukaa.

Duane hakuelewa, lakini mke aliyetoka hospitali habishiwi. Alirudisha maboksi gereji, akaingia kwenye pikapu, akawasha injini. Linnea alikuja mbio kutoka kwa jirani, mto wake kwapani, akapanda kingazi. Akasimama mlangoni, akaziangalia tepu moja moja kama watoto wanavyofanya, midomo inacheza.

"Mama, Aune ni nani?"

"Nitakwambia njiani."

"Naye anakuja?" Akageuza uso nje, kuelekea kwenye pikapu, na kabla mkono wa Elma haujamfika mdomoni akapaza sauti. "Baba, kwani tuko wangapi?"

Elma aliangusha kikombe. Corinne alikuwa ameshafika mlangoni, kinywa wazi, lakini Duane ni mtu wa kujibu upesi, hasa akiulizwa na bintiye. Alitoa kichwa dirishani, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu juzi.

"Wanne, mwanangu. Mimi, mama yako, wewe na bibi."

Wale wawili wa kitanda cha juu hakuwajua. Maziwa yaliyochacha...

"Naona," mtu alisema nyuma ya tela.

Kule juu mnyonyo ukakatika. Pumzi ikakatika. Elma alipanda kitandani kwa magoti yake mabovu, akapapasa godoro, akapapasa ukutani, akanyanyua mto na kuutikisa, analia kwa sauti ambayo Linnea hakuwahi kumsikia mtu mzima akilia nayo. Corinne alisimama chini yake. Tepu ilikuwa bado pale, na jina lake, imeanza kubanduka pembeni kwa sababu ya joto. Aliikandamiza kwa kidole gumba, akaishikilia.

"Haya, taa, ingawa ni mchana," Duane aliita kutoka kwenye pikapu. "Kushoto."

Alingoja kidogo.

"Kushoto. Jamani, hamsikii?"

Safari hii hakuna aliyemjibu.