Joto Halishiki Kisu

Tobia alichomoa kisu na kimfuko cha kitambaa kwenye koti lake, akakata kitawi kwa mshazari, akakitumbukiza mfukoni pamoja na kinyonga aliyekuwa amekishikilia. Hakumgusa hata kidogo. Akafunga mfuko kwa fundo moja.

Akina mama waliokuwa wakichambua mchele uani walirudi taratibu kutoka walikokimbilia. Pale Magamba kinyonga ni mkosi. Watu hawataki hata kupita karibu naye, sembuse kumkamata. Wakamsifu bwana arusi kwa Kishambaa, wakamwambia Evelina kwamba safari hii amepata mwanaume. Kanisa lilikuwa limeshatangaza ndoa yao Jumapili mbili, bado moja.

Evelina peke yake hakucheka. Alimwomba mchumba wake wasogee nyuma ya banda la ng'ombe.

"Umejifunza wapi kukata hivyo?"

"Kukata nini?"

"Kitawi. Kwa mshazari, chini ya mkia. Tobia, wewe ukiona kinyonga ulikuwa unajificha nyuma yangu."

Tobia akatabasamu, akasema mapenzi humzoesha mtu mengi.

Evelina alikuwa mtafiti. Kwa miaka miwili alihesabu vinyonga wa msitu wa Magamba kwa tochi, maana kinyonga akilala hupauka, ukimmulika anaonekana kwenye ncha ya tawi. Walikuwa wanapungua, na Dokta Clemence, msimamizi wake chuoni, alitaka jibu la swali moja: je, ni mabadiliko ya tabianchi? Dalili zilikuwepo. Joto limepanda, ukungu hauji kama zamani, hata wakulima wa karoti wanalalamika. Rasimu ya ripoti ilishasema ndiyo.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Vinyonga walipungua upande mmoja wa mlima. Upande wa pili, kimo kilekile, mvua ileile, joto lilelile, walikuwa tele. Kule alihesabu na Hadija, askari wa misitu. Huku tochi ilishikwa na Tobia. Na ni huku alikoona vitawi vimekatwa kwa mshazari, akadhani ni kazi ya wakata majani ya ng'ombe. Ndivyo tulivyo sisi tunaopenda. Tunapima kila kitu kasoro yule aliyesimama karibu yetu.

"Unampelekea nani?" aliuliza.

Tobia alitaka kukana, kisha akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Akaeleza kwamba kuna mtu wa mjini anayewanunua na kuwasafirisha nje ya nchi, wakafugwe ndani ya masanduku ya kioo. Alianza na mmoja. Baadaye ikawa kila walikohesabu, yeye anarudi asubuhi na kisu.

"Nilitaka tukioana uingie kwenye nyumba yako mwenyewe, si kwenye chumba cha nyuma kwa mama yangu."

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nakuonyesha walipo."

"Nilikupenda kwanza, Evelina. Hayo mengine yalikuja baadaye."

"Naamini. Ndiyo maana inaniuma."

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Tobia akamshika mkono, akashusha sauti.

"Andika joto. Dunia nzima inasema joto. Nani atakubishia?"

"Joto lipo, nimelipima mwenyewe. Lakini joto halichagui upande wa mlima, wala halishiki kisu. Nikiandika hivyo watu watabaki wanaangalia mawingu, na ninyi mtawamaliza."

"Kuanzia leo nimeacha. Nakuapia."

"Basi nenda ofisi ya misitu ukaseme, na huyo mtu wako umtaje. Kabla ya Jumapili."

"Nitafungwa."

"Huenda."

Wiki ile Evelina alimpigia Dokta Clemence, akamwambia ripoti itabadilika. Msimamizi alimhoji sana kuhusu ule upande wa pili wa mlima, mwishoni akasema afadhali ichelewe. Kwa Tobia hakukuwa na habari mpaka Alhamisi, ujumbe ulipoingia kwenye simu.

"Mama kashashona sare. Tufunge ndoa kwanza, mpenzi, kisha nitaenda."

Evelina aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Ukienda baadaye, nitakuwa mke aliyekuficha."



Jumapili kanisa lilijaa. Mchungaji alisoma majina yao kwa mara ya tatu, akauliza kama kuna mwenye pingamizi halali. Alikuwa ameshaanza kufungua ukurasa mwingine, kwa sababu pale huwa hasimami mtu.

Evelina akasimama.

"Ninalo mimi, baba mchungaji."

Mama yake alimvuta gauni, hakukaa. Mchungaji alivua miwani.

"Bibi arusi mwenyewe? Ana mke mwingine?"

"Hapana. Nampenda, naye ananipenda. Ila kuna jambo ni lazima alimalize kwanza, na si mimi wa kulisema."

Upande wa wanaume Tobia alikuwa ameinamisha kichwa. Angeweza kukaa vilevile, watu wakamwona Evelina kichaa, na yeye akaonewa huruma maisha yake yote. Nadhani hilo ndilo alilokuwa akilipima. Aliinuka ameshikilia benchi la mbele.

"Vinyonga wanaoisha msituni, mimi ndiye ninayewakamata," alisema. "Si hali ya hewa. Nilikuwa namfuata akihesabu, kisha narudi kuwachukua."

Mzee mmoja alicheka akidhani ni mzaha. Hakuna mwingine aliyecheka. Mchungaji akasema ndoa hiyo isimame kwanza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Jumatatu asubuhi walipanda pamoja njia ya ofisi ya misitu. Hawakushikana mikono wala hawakusema mengi. Wanawake waliokuwa shambani waliacha majembe wakawaangalia, na Evelina akawaamkia shikamoo mmoja mmoja kama siku zote. Asikudanganye mtu kwamba mapenzi hufa siku unapojua ubaya wa mwenzako. Alimpenda njia nzima.

Getini Tobia alisimama.

"Utanisubiri?"



"Sijui. Niulize ukitoka."

Tobia akaitikia kwa kichwa, akaingia peke yake.