Sahani ya Baba

"Kaka, achia! Hiki kitambaa nimekishika mimi kwanza."

"Umekishika huko, dada yangu, mimi nimekishika huku. Tukikate katikati?"

Duka lilifurika, bei zilikuwa zimepunguzwa, na watu walisukumana bila kuombana radhi.

"Mwanamume na kitambaa hiki wapi na wapi?"

"Pazia la jukwaa. Naandika michezo ya kuigiza."

"Kumbe mwongo wa kulipwa!"

Mwandishi akacheka, akaachia kitambaa, akaondoka na namba ya simu. Si haba.

Dada mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Alivaa gauni la bluu alilojishonea, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi. Haukupita muda, simu zikawa asubuhi, mchana na jioni.

"Umekula, mwongo wangu?"

"Nitakulaje na sauti yako imenishibisha?"

"Hiyo umeiandika mchezo gani?"

"Nimeitunga sasa hivi, mpenzi. Haki ya Mungu."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hata shangazi yake fundi, aliyemlea baada ya mama kufa, akaanza kumwita kijana mkwe.

Siku moja fundi alikuwa anapinda sketi, akamsimulia mwandishi jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Baba yake alitoka asubuhi kwenda kazini, asirudi tena. Kila jioni mama alimpakulia chakula, akakifunika kwa kitambaa cheupe. Alfajiri alikila mwenyewe, kimepoa, watoto wasione. Alifanya hivyo mpaka alipokufa.

"Yaishie hapa hapa," fundi akasema.

"Yataishia hapa," akajibu mwandishi, na wakati ule alimaanisha. Lakini mchezo wake ulikuwa umekwama, na mwandishi aliyekwama hana adabu.

Siku ya onyesho la kwanza, fundi na shangazi walikaa mstari wa mbele, wamependeza. Pazia likafunguka. Meza. Sahani. Mwanamke anaifunika kwa kitambaa cheupe.

"Huyu si wifi yangu?" shangazi akanong'ona.

Mwishoni baba akaingia, akafunua sahani, akala. Ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Shangazi naye alisimama, ila yeye alikuwa anaondoka. Aliyewatoroka alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Mwandishi akapiga simu mpaka akachoka. Ilipopokelewa, alijitetea haraka haraka.

"Nilimrudisha kwa ajili yako, mpenzi. Nilitaka angalau pale arudi."

"Wamempigia makofi! Mama amekufa akimngoja, wewe unamleta apigiwe makofi!"

Simu ikakatwa. Kesho yake mwandishi akaiondoa sahani. Mchezo ukaanza kuchechemea, waigizaji wakanuna, viti vikabaki vitupu. Fundi akasikia, akamfuata nyuma ya jukwaa mchana, akamkuta amejikunyata peke yake kati ya mavazi.

"Nimeifuta yote," mwandishi akasema. "Nataka kukuoa."

Fundi akakaa karibu naye, akamshika mkono. Machozi yalimlenga, akayameza.

"Nakupenda, hilo usilitilie shaka. Ila tangu siku ile, nikitaka kulia mbele yako najizuia. Naogopa nitalia vizuri, ukapenda."

"Sitaandika tena."

"Utaandika tu. Ndivyo ulivyo, na ndivyo nilivyokupenda." Akatoa mkobani kitambaa cheupe kilichokunjwa. "Sahani irudishe, shangazi kakubali. Ila baba asije. Acha chakula kipoe. Na mtumie hiki, chenu kimepindwa vibaya."

Akambusu kwenye paji la uso, akaondoka. Mwandishi hakumfuata, maana alijua amesema kweli.

Mchezo ukarudi na sahani yake. Baba haji. Taa zinapozimwa watu hukaa kimya, wengine wakipangusa macho, na makofi huchelewa. Fundi hakuja kuuona.

Nyumbani kwake, kila jioni, mwandishi hupakua sahani mbili. Moja anaifunika. Alfajiri anaila, imepoa. Hilo hajaliandika popote, na yule ambaye angemwambia hapokei tena simu.