Samaki wa Nicole

Kila Jumatano baada ya masomo, Chimène na rafiki yake Nicole walipitia kwa tonton, yaani mjomba, Sadrack, mchonga mihuri mwenye meza yake karibu na soko kuu la Kisangani. Aliwapa vipande vya mpira vilivyobaki na wino kidogo, nao wakatengeneza kadi. Nicole ndiye aliyechonga. Mkono wake ulikuwa mtulivu, na alijua kuchonga herufi kinyume ili zikigongwa zisomeke vizuri. Chimène alikata karatasi, akapaka wino na kugonga.

Mwalimu wao, Madame Adeline, alikuwa ameugua mwezi mzima. Wakamtengenezea kadi yenye samaki mkubwa anayeruka juu ya maji, na chini yake maneno KARIBU TENA. Lakini siku Madame aliporudi darasani, Nicole alikuwa nyumbani na homa. Chimène akaipeleka kadi peke yake.

Madame aliitazama, machozi yakimlengalenga, kisha akauliza nani amechonga samaki huyo.

“Ni mimi, Madame,” Chimène alijibu kabla hajafikiri.

Madame akamkumbatia. Akasema kwamba Ijumaa Chimène atawafundisha wenzake wote kuchonga, ili kila mmoja awapelekee wazazi wake kadi.

Chimène alitoka shuleni akiiwaza Ijumaa. Hakuwahi kuchonga hata herufi moja. Akaenda moja kwa moja kwa tonton Sadrack, akamwomba amchongee samaki mwingine, aende kuwaonyesha wenzake kama wake.

Tonton aliweka kisu chake mezani. “Jana bwana mmoja alitaka nimchongee muhuri wa ofisi asimofanya kazi. Nilimkatalia. Sasa wewe, mtoto wangu, yule samaki wa kwanza ni wa nani?”

“Ni wa Nicole,” Chimène alisema polepole.

“Bon. Basi nenda kwa mwenye samaki.”

Nicole alikuwa amelala kwenye mkeka, mama yake akimnywesha uji. Alipomwona rafiki yake alitabasamu, akauliza kama Madame ameipenda kadi yao. Neno hilo, “kadi yetu”, lilimchoma Chimène. Akamweleza yote bila kuficha. Nicole akageukia ukutani.

“Ungesema tu ni sisi wawili,” alisema mwishowe. “Mimi ningefurahi.”

Chimène alilia, akaomba msamaha. Kesho yake alisimama mbele ya darasa zima, akasema ukweli. Baadhi ya wenzake walicheka. Madame hakucheka wala hakumgombeza. Alimwambia tu akae.

Ijumaa Nicole alikuwa amepona. Alisimama mbele akafundisha, na Chimène akagawa karatasi na wino. Kabla wanafunzi hawajaanza kuchonga, Madame Adeline aliwaambia:

“Chimène alikosa, lakini alirudi kusema mwenyewe, na hilo si jambo dogo. Wanangu, mwenzenu akifanya kazi nzuri, tajeni jina lake. Hamtapungukiwa na kitu. Mkimnyang’anya sifa yake, mtaogopa kila siku kuulizwa.”

Wanafunzi wakainamia vipande vyao vya mpira. Nicole alimpa Chimène kisu kidogo, akamshika kiganja.

“Polepole,” alimnong’oneza. “Anza na mkia.”