Eliona na Waya Mweusi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Eliona alikata majani ya ng'ombe, akafagia uwanja, kisha akapiga magoti mbele ya boksi la kaka yake. Lilikuwa sanduku la plastiki la kubebea vifaa vya ufundi, ambalo Jackson alilitia betri na matundu ya kuchomeka taa na simu. Juu yake kulikuwa na mita ndogo iliyoonyesha kwa asilimia umeme uliobaki. Mchana boksi lilijazwa na paneli ya sola iliyo juu ya bati, nalo likawasha balbu ya kuwapa joto vifaranga arobaini wa mama. Lakini mwezi wa saba huku Mwika mlimani ukungu hukawia kuondoka, na paneli huwa mvivu kuliko mwanafunzi wa Jumatatu. Kwa hiyo mama aliweka sheria: mita ikishuka chini ya thelathini, jiko la mkaa liingizwe bandani.

Jackson mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Kahe, tambarare kule chini, akitunza pampu za mashamba ya umwagiliaji. Miezi mitatu ilipita bila yeye kupanda nyumbani. Eliona, mwenye miaka kumi na miwili, alimkumbuka mno, hata akawa anakwenda kukaa kwenye kitanda chake kitupu akijifanya anasoma. Kila jioni alimpigia kwa simu ya mama na kumsomea namba ya mita. Jackson alisema vizuri, akamuuliza habari za shule, akaaga. Mazungumzo yaliisha kabla chai haijapoa.

Siku moja tu mambo yalikuwa tofauti. Fyuzi iliungua, na Jackson akazungumza naye karibu saa nzima, akimwelekeza, akimtania, akimsifu. Hapo Eliona akajifunza jambo ambalo ingekuwa heri asingelijua: kitu kikiharibika, kaka hupatikana.

Jackson alishamweleza kwamba kila waya mweusi lazima upitie kwenye kipande cha shaba kilicho kando ya betri, kwa sababu hapo ndipo mita inapohesabu umeme unaotumika. Jumatatu, mama akiwa zizini, Eliona alifungua skrubu, akautoa waya mweusi wa balbu kwenye kile kipande, akaufunga moja kwa moja kwenye betri. Balbu iliendelea kuwaka, lakini mita haikuona tena umeme wake ukitoka. Jumanne jioni ilisoma tisini na nane, ikabaki hapo.

Alimpigia Jackson, akamwambia mita haishuki. Jackson aliuliza hili na lile mpaka salio likakaribia kuisha. Aliuliza pia kama nyaya zote nyeusi zinapitia kwenye shaba. Eliona akajibu kwamba zinapitia. Sauti ya kaka ilikuwa tamu sikioni, na uongo ule ukamtoka bila kumkwama kooni. Mwisho Jackson akasema atapanda mwenyewe Jumamosi. Eliona alifurahi hata akasahau kula.

Jumatano ukungu ulikuwa mzito. Mama, ambaye hakuambiwa kwamba mita imekwama, alisoma tisini na nane, akaridhika, akaenda sokoni bila kuwasha jiko. Eliona aliporudi kutoka shule alimkuta ameinama bandani. Betri ilikuwa imekwisha umeme, balbu imezimika, na vifaranga walikuwa wamerundikana kwenye kona wakitafuta joto. Kumi na mmoja walikuwa wamekufa. Mama hakumgombeza mtu. Alisema tu kwamba aliiamini ile namba, kisha akaanza kuwakusanya kwenye gazeti. Mama alipokwenda kuwasha jiko, Eliona aliurudisha waya mahali pake haraka haraka.

Jumamosi asubuhi Jackson alifika, vumbi la Kahe bado liko kwenye viatu. Eliona alimwamkia, naye kaka akaitikia marahaba na kumkumbatia, lakini furaha yote Eliona aliyoingojea haikuja. Jackson alijaza betri, akawasha balbu, akapima waya mmoja mmoja. Mita ilishuka vizuri, sawasawa na ilivyotakiwa. Alirudia mpaka alasiri, asione kosa lolote.

"Mama, kosa ninaloliona naweza kulitengeneza," alisema. "Hili silioni. Siwezi kuliamini tena boksi hili."

Akaeleza kwamba wakulima wa Kahe walikuwa wamemwomba awatengenezee mengine kama hilo. Sasa ingebidi awaambie hawezi. Akachukua bisibisi, akaanza kulibomoa. Eliona alitazama mikono aliyoitamani miezi mitatu ikifungua kazi yake yenyewe, akashindwa kuvumilia.

"Kaka, mita ni nzima," alisema. "Niliuhamisha waya mimi, halafu nikaurudisha. Nilitaka uje."

Jackson aliweka bisibisi chini. Akasema kwamba kazini hupewa mapumziko ya siku mbili kila mwezi. Hakuzichukua makusudi, ili azilimbikize, Krismasi akae nyumbani wiki nzima.

"Siku ya leo na ya kesho zimetoka humo," alisema kwa upole.

Eliona akalia kwa uchungu. Mama alimwacha alie, kisha akamvuta karibu.

"Kumkumbuka kaka yako si kosa, mwanangu. Lakini umeona, mita huhesabu kile tu kinachopitishwa kwake. Ukificha waya, inatudanganya sisi tunaoiamini. Nasi hatuwezi kujua moyo wako unauma kama hutuambii. Ungesema kweli mapema, vifaranga wangekuwa hai. Ukiwa na shida, iseme. Ukikosea, sema siku hiyohiyo."

Tangu siku hiyo kazi ya kuwasha jiko na kuwaangalia vifaranga ilikuwa ya Eliona kwa mwezi mzima. Jackson alimpa bisibisi, wakalifunga boksi pamoja, na wakulima wa Kahe hawakuambiwa kwamba haiwezekani.

Jumapili baada ya ibada Jackson alichukua begi lake. Eliona alisimama mlangoni, machozi yakimlengalenga, na safari hii hakutafuta kitu cha kuharibu.

"Kaka, nitakukumbuka sana," alisema. "Kaa kidogo."

Jackson alitazama saa, akaweka begi kwenye benchi, akamwomba mama aongeze maji ya chai.