Kilichoning'inia Moyoni mwa Mama Henriette

Weka mkono kifuani, uape kwamba haya hayatatoka kinywani mwako. Umeapa? Vizuri. Mimi pia nilimwapia Mama Henriette, pale mtaani kwetu Mapendo, na ona sasa!

Ilianza na kikombe cha chai. Mama Henriette, aliyekimbia vita Kibumba pamoja na mutoto wake Ruffin na mukwe wake Perpétue, alikiacha kikaanguka. Akasema kuna mutu amemfungua vidole. Kesho yake mdomo ukapinda.

Hospitali ikampa vidonge vya kuzuia damu isigande, ikamwambia asijaze tumbo sombe, yale majani ya muhogo, maana majani mengi huvunja nguvu ya dawa. Akameza kila asubuhi, Ruffin akimkodolea macho. Lile jini, maana ndivyo tulivyouita ugonjwa ule, likarudi hivyo hivyo. Safari hii likachukua maneno: akiomba maji, anaita mbuzi. Na kabla halijaja, alisikia harufu ya chuma kilicholowa.

"Ni wewe," Ruffin akamnong'oneza mke wake. "Unamupikia sombe nikitoka."

"Haki ya Mungu, hapana! Mimi mwenyewe sijaionja tangu Pasaka."

"Sasa mbona dawa inashindwa?"

Wale mama wa chumba cha sala, waliokuja kumwombea, wakasema mchawi yuko jikoni. Ruffin akafunga nguo za Perpétue kwenye kitenge: baada ya hospitali, arudi Kibumba, kwenye mabomu.

Tukaenda wote, Ruffin na kile kitenge mkononi, mimi na ndizi zangu za kumpa pole mgonjwa. Dokta akamsikiliza Ruffin na mashtaka yake ya sombe, akampaka mgonjwa mafuta kifuani, akawasha mashine ya kuonyesha moyo.

"Kwanza muache huyu dada," akasema. "Damu tumeipima. Dawa inafanya kazi yake."

"Basi ni mikrobe, vijidudu vya damu?" Ruffin akauliza.

"Mikrobe hakuna."

Akatugeuzia kioo cha mashine. Kwenye kioo mlango wa moyo ulifunguka na kufungika, na juu yake kitu kidogo kimeng'ang'ania, kinapunga, kinapunga, kama mutu anayetuita, na Perpétue ameshika mkono wa mama mukwe wake, na ile harufu ya chuma, sasa sote tunaisikia, ikajaa chumba, kitu kikatikisika, kipande kikachomoka mbele ya macho yetu kikapita mlangoni kuelekea kichwani, na vidole vya Mama Henriette vikafunguka, kimoja kimoja, ndani ya mkono wa Perpétue.

Kitenge kikamponyoka Ruffin.

"Ndicho hiki," Dokta akasema, kidole juu ya kioo. "Kinyama kimeota moyoni; vipande vyake ndivyo vinaziba mishipa ya kichwa, na dawa ya damu haikigusi." Kilichobaki kilikuwa bado kinapunga.